Watalii wa 46

Mkaazi wa Kibera anaujua utalii kuliko afisa yeyote wa wizara, ila anaujua akiwa mbele ya kamera. Unafua nguo zako asubuhi, unageuka kutafuta vibanio, na hapo wamesimama wageni wanane, mafuta meupe ya jua puani, wakilitazama beseni lako kwa heshima ambayo halijawahi kupewa. Kijana aliyewaleta anawaeleza jambo kwa Kiingereza cha haraka. Wanatikisa vichwa kwa huzuni. Unabaki ukijiuliza amewaambia nini juu ya beseni hilo. Wakitoka hapo wanapelekwa karakana ya mifupa kununua herini zilizochongwa kwa mfupa wa ng'ombe, wanapandishwa kwenye tuta la reli wapige picha ya mabati, na kufikia saa sita wamekwisha kurudi hotelini kula. Tangu filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa huku kwetu, ionyeshwe mwaka 2005, misafara hiyo haijakauka.

Ndiyo maana mweka hazina wa chama chetu alipotangaza kwamba pesa za mwisho wa mwaka zimebaki, na kwamba watu wamechoka kugawiwa blanketi, mama mmoja wa Gatwekera alisimama akasema: "Safari hii na sisi twende tukawaangalie wengine." Hoja ikapita kabla hajaketi.

Chama chetu ni cha wauza mitumba wa soko la Toi. Nusu yetu tunaishi Kibera, kuanzia Makina hadi Laini Saba, na nusu wanaishi Kawangware, kuanzia Gatina hadi Congo. Katika dini na siasa tumezoea kuvumiliana. Tusichovumiliana ni habari ya steji. Mahali pa kwenda palichaguliwa kwa nusu saa. Mahali pa basi kuanzia safari pakala vikao, watu wakaacha kuongea, na mwishowe mwenyekiti akaamua kwamba basi litaanzia Kibera kwenda na litaishia Kawangware kurudi, ili kila upande upate cha kulalamikia.

Mahali pa kwenda alipachagua Mwalimu. Ni mstaafu wa Jiografia, siku hizi anauza vitabu vya shule vya mitumba, na ukinunua atlasi kwake unapewa somo la bure, utake usitake. Alisema watu wa heshima hawaendi kuona simba, kwa sababu simba mchana hulala. Wanakwenda kuona kisiwa cha volkano. Akatupa orodha. Ngazidja kule Komoro, kwenye mlima Karthala ambao bado uko hai, kunataka pasipoti. Kisiwa cha Kati cha Ziwa Turkana kinataka likizo na wosia. Kinachobaki ni Crescent Island, ndani ya Ziwa Naivasha: ukingo wa kreta ya volkano ya kale, sehemu kubwa imezama, kipande kimesalia juu ya maji kwa umbo la hilali. Ni mwendo wa kilomita tisini na kitu, unakwenda na kurudi siku moja, na unatembea kwa miguu katikati ya twiga na pundamilia kwa kuwa simba hakuna.

"Na kuogelea je?" akauliza mwenyekiti.

"Viboko wapo."

"Basi andika hatuogelei," akamwambia katibu.

Tulihitaji mwongozaji. Mweka hazina, ambaye shilingi ikimpita mkononi huiaga, akasema hakuna haja ya kulipa mtu wa mbali, kuna kijana jirani yake pale Laini Saba anayefanya kazi hiyo hiyo. Ni kweli alikuwa anaifanya: ni mmoja wa wale wanaowatembeza wazungu Kibera. Kisiwa hakuwahi kukiona. Lakini kuongoza ni kuongoza, akasema mweka hazina. Kijana akakubali kwa nusu ya bei, akaazima atlasi ya Mwalimu kwa usiku mmoja, na asubuhi ya sikukuu ya Mashujaa akatokea na mwavuli mwekundu ambao huuinua juu ili wageni wake wasipotee.

Basi lilikuwa la viti 33, lile lile linalobeba abiria wa Kawangware siku zote, kwa kuwa mwenye gari ni mkwe wa mtu wetu. Ubavuni limechorwa simba aliyevaa miwani. Ndani taa za zambarau zinakimbizana darini, na chini ya kiti cha nyuma kuna spika ambayo ukiketi juu yake wimbo unausikia kwa figo. Hicho ndicho kiti nilichopewa. Mbele kwenye kioo kilibaki kibao cha kazi, 46 KAWANGWARE, kwa sababu dere alisema kimegandishwa na gundi na kukibandua ni kuvunja kioo. Kumbukeni kibao hicho.

Ratiba ilikuwa imechapwa vizuri. Saa kumi na mbili kamili kuondoka Olympic, kumi na mbili na nusu kuchukua watu wa Kawangware, saa tatu kisiwani. Saa tatu tulikuwa Kawangware. Pale Olympic tulimngoja shosho mmoja aliyerudi kuhakikisha amefunga kufuli, kisha akarudi kuhakikisha ufunguo ameuweka wapi. Halafu tukaingia Naivasha Road. Msomaji asiyeijua Nairobi aelewe kwamba Kawangware ina barabara yenye jina hilo. Inatoka Dagoretti Corner na kupita katikati ya mtaa, na asubuhi ya sikukuu haimpeleki mtu Naivasha wala pengine popote. Mbele yetu mkokoteni wa maji ulikuwa umekutana na mkokoteni wa makochi, na wenyewe walikuwa wakijadiliana nani ana mzigo wa thamani zaidi.

Mwongozaji wetu hakuweza kuvumilia maikrofoni iliyonyamaza. Akaishika, akasimama katikati ya basi akitutazama sisi, na akaanza: "Upande wenu wa kulia, wapendwa wageni, mnaona jamii ya hapa ikijitafutia riziki kwa kukaanga samaki."

"Huyo ni dada yangu!" akapiga kelele mama wa Gatina.

Dada akainua mwiko. Watu wa Kibera, ambao wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuizunguka Kawangware kwa macho ya namna hiyo, tukasogea upande wa kulia tupige picha, basi likainama kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma alimtazama konda kwa muda, akamuuliza: "Hawa nao wametuzuru?"

Tulipofika Waiyaki Way safari ikawa safari. Baada ya Rironi unaingia ile barabara ya chini inayokatisha ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, na pale kwenye vibanda vya ngozi za kondoo kila basi husimama watu watazame. Sitapaeleza sana, bonde linaonekana lote, na aliyeliona analijua. Kijana alinyoosha mwavuli akatuonyesha Longonot, mita 2,776, volkano ambayo husemekana ilitema moto mara ya mwisho miaka ya 1860. Konda naye alikuwa ameshuka kunyoosha miguu, na mazoea yakamshinda: akaligonga basi ubavuni mara mbili, akaita "Kawangware 46, wawili waende!" Jamaa mmoja aliyekuwa akiuza kofia alishtuka, akaanza kukusanya vitu vyake.

Ni katika kuteremka ndipo ugomvi wa kitaaluma ulipozuka. Masikio yameziba, breki zinanuka, malori yanatambaa mbele, na mama wa Gatwekera akauliza kama tunakwenda chini ya bahari. Mwalimu akageuka kutoka kiti cha mbele, ambacho alikuwa amekikalia tangu alfajiri bila hata kushuka Kawangware, akasema Ziwa Naivasha liko mita 1,884 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko Kibera.

Basi zima lilimkataa. Alijaribu kueleza kwamba kutoka Nairobi hadi Limuru tulikuwa tumepanda bila kujua, kwamba huko ni zaidi ya mita 2,000, na kwamba tunachoteremka ni sehemu tu ya tulichopanda. Dere akamtazama kwenye kioo.

"Mwalimu," akasema, "mimi ndiye nimeshika breki."

Hakuna hoja ya Jiografia inayoweza kuishinda hiyo. Mwalimu akahamia kwenye historia, akatuonyesha lile kanisa dogo la kando ya barabara lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakiichonga barabara hiyo. Shosho alitaka ashuke asali. Kijana akaangalia ratiba yake, ambayo kufikia hapo ilikuwa ya mapambo, akamruhusu asali dirishani.

Mai Mahiu askari wa barabarani akatusimamisha. Akakizunguka kioo cha mbele akikisoma polepole.

"Hii 46 inafanya nini huku?"

"Ni watalii, afande," kijana akajibu.

Askari akachungulia ndani. Akaona masufuria mawili ya pilau yamefungwa kwa leso, thamosi, mtoto mmoja aliyelala juu ya gunia, na shosho akiendelea na sala yake ya Waitaliano.

"Watalii wa wapi?"

"Wa Kawangware," likajibu basi nusu. "Na Kibera!" ikajibu nusu nyingine.

Akafikiri. Akatupungia mkono tupite, na nilimwona kwenye kioo cha nyuma bado akitutazama.

Naivasha tulifika mchana umeshasimama. Tukapita Karagita na yale mabanda marefu ya maua, ambayo kwa mbali yanaonekana ni ziwa la pili, tukafika penye boti. Maji ya Naivasha yamepanda sana miaka hii, hasa tangu 2020. Migunga mikubwa iliyokuwa nchi kavu imesimama ndani ya maji, mikavu, mieupe, kila tawi limekaliwa na mnandi anayeanika mabawa. Mwalimu akatueleza kwamba miaka ya ukame maji hupungua hadi kisiwa kinashikana na bara, na mtu anaweza kuingia bila boti.

"Kwa hiyo tungengoja ukame tungeokoa pesa ya boti," akasema mweka hazina. Hakuwa anatania.

Pesa ya boti ilikuwa kwenye simu yake. Simu ilikuwa imezima. Tangu Rironi alikuwa akirekodi video, na sasa tulikuwa watu thelathini na kitu tuliokwisha kuvaa jaketi za kuelea za rangi ya chungwa, tumejipanga juani, tukingoja mtu mmoja apate moto wa asilimia mbili aweke namba ya siri ya M-Pesa. Kibandani palikuwa na soketi, lakini stima ilikuwa imepotea. Hapo ndipo Mwalimu, ambaye hakubahatika maishani kujua wakati wa kunyamaza, alipotuonyesha mvuke mweupe ukipanda nyuma ya vilima vya kusini. Ile ni Olkaria, akasema. Tangu 1981 wanachimba joto la volkano chini ya ardhi na kuligeuza umeme, na leo karibu nusu ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa aina hiyo. "Stima inayowaka nyumbani kwenu inazaliwa pale."

"Yangu hapana," akasema jamaa wa Silanga. "Yangu nimeunganishiwa na jirani."

"Na ya jirani inatoka wapi?"

Jamaa akatafakari. Ilionekana swali hilo jirani mwenyewe hajawahi kuulizwa.

Mwishowe mwenye kibanda akatoa betri ya pikipiki, simu ikaamka, pesa ikaenda, na tukapakiwa kwenye boti kwa mujibu wa mitaa. Boti ya Kibera ilitangulia. Boti ya Kawangware ikasema haiwezekani. Katikati ya njia nahodha wetu akapunguza mashine ili atupe elimu: hapa tulipo, akasema, ndipo penye kina kirefu kuliko kote ziwani, kwa sababu tuko juu ya kreta yenyewe, mdomo wa volkano uko chini yetu. Aliyasema kwa fahari. Watu waliokuwa wakishangilia mashindano wakaacha. Mama mmoja akauliza kama huo mdomo umefungwa.

Kijana, ili kuturudishia furaha, akaufungua mwavuli wake na kuuinua. Upepo wa Naivasha ukaugeuza nje ndani, ukauvuta, na ukaenda nao. Uliteleza juu ya maji mwekundu, ukiwa wazi, hadi boti ya Kawangware ilipoufikia, na huko nyuma tukasikia makofi.

Lakini nahodha alikuwa na kitu bora. Akapiga mluzi kuelekea mgunga mmoja mkavu, akainua sato mdogo mkononi ili aonekane, akamtupa hatua kumi hivi kutoka kwetu. Juu ya mti furukombe aliinamisha kichwa chake cheupe, akajiachia. Hakupiga mabawa. Alishuka kwa mshazari, miguu ya njano ikatangulia mbele, kucha zikagusa maji bila kuyarusha, na samaki akawa hayupo. Nilisikia upepo wa mabawa yake usoni. Kisha akapanda tena taratibu, sato akipapatika chini yake, matone yakimdondoka.

Konda alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Huyo," akasema, "angefaa kuning'inia mlangoni."

Mweka hazina alikuwa amerekodi tukio zima. Tulipoiangalia jioni ilikuwa ni kidole gumba chake, kwa dakika moja na nusu.

Kisiwani alitupokea mlinzi, mzee mpole mwenye buti za mpira, ambaye aliwaona wageni wake wana mwongozaji tayari na kwa adabu akakaa nyuma. Kijana wetu akasafisha koo. Mbele yetu twiga watano walikuwa wakila migunga, na mtoto wao, mrefu kuliko mwenyekiti, alisimama akitushangaa.

"Tafadhali, wageni wapendwa," kijana akaanza, "msiwapige picha wenyeji bila ruhusa yao. Na watoto msiwape pesa."

Ulimi ulikuwa umekwisha kutoka. Akajaribu kurekebisha, akaishia kusema kwamba jamii hii, pamoja na changamoto zake, ni ya watu wakarimu. Twiga waliendelea kula.

Mzee wa kisiwa ndipo aliposogea kumsaidia. Akatuonyesha kuro waliojilaza nyasini, akatuonyesha uwanda ulioteremka hadi majini, na akasema husimuliwa kwamba hapa palipigwa sehemu ya Out of Africa, filamu ya mwaka 1985, na kwamba baadhi ya wanyama waliletwa kwa ajili yake. Filamu ilipokwisha, wanyama wakaachwa hapa hapa.

"Na sisi vivyo hivyo," akasema mama wa Gatwekera. "Walikuja, wakapiga filamu, wakamaliza, wakatuacha hapo hapo."

Kijana akaona upenyo. Akamweleza mzee kwamba filamu ya Kibera si ya mchezo, Rachel Weisz alipata Oscar kwa ajili yake. Mzee, bila majivuno yoyote, akasema hii ya kwao ilipata saba. Watu wakamgeukia konda, mshabiki wa mpira, atoe hukumu.

"Saba moja," akasema konda. "Kibera mmefungwa nyumbani na ugenini."

Watu wa Kawangware walishangilia sana, ingawa kwao hata tangazo la sabuni sijasikia limepigwa.

Akiwa amejeruhiwa hivyo, kijana aliamua kutuonyesha ufundi. Akaanza kutembea kinyumenyume. Ni jambo la kazi yake: Kibera mwongozaji hutembea akiwatazama wageni, na kisigino chenyewe kinajua pa kuruka mtaro. "Uzuri wa kisiwa hiki," akawa anasema huku akirudi nyuma kwa madaha, "ni kwamba hakina mnyama wa kumdhuru mtu. Simba hakuna. Fisi hakuna. Chui..."

"Ndugu yangu," mzee akasema kwa upole, "simama hapo hapo."

Akasimama, mguu mmoja hewani. Nyuma yake palikuwa na shimo la zamani la ngiri, na mdomoni mwa shimo, akiota jua, chatu. Nilimwona vizuri sana kwa kuwa waliokuwa mbele yangu hawakuwepo tena. Alikuwa na mabaka ya kahawia yaliyoshonwa kwa mistari ya njano, mnene kuliko paja la konda, na katikati ya urefu wake kulikuwa na uvimbe ambao mzee alitueleza kuwa huenda ni digidigi wa wiki hiyo. Kichwa hakikusogea. Kilichosogea ni ulimi, ukitoka na kurudi, bila haraka.

"Ameshiba," mzee akasema. "Hana haja nawe."

Kijana akatoka pale kwa kisigino kile kile cha Kibera, akatua karibu na mwenyekiti, akamshika mkono na hakumwachia hadi tuliporudi botini. Shosho ndiye peke yake aliyekuwa amebaki mahali pake, si kwa ushujaa, ila magoti.

"Endelea, mwanangu," akamhimiza. "Ulikuwa umefika kwa chui."

Tulipozunguka upande wa pili tukakutana na watalii wenyewe, bwana na bibi wa Kizungu, mafuta meupe puani. Wakafurahi kutuona. Kwa Kiswahili cha kubabaisha na mikono mingi wakatuuliza tumetoka wapi. Tulipowaambia Kibera, bibi akapiga makofi, akatoa simu: jana tu walikuwa huko! Akatuonyesha picha moja baada ya nyingine. Reli. Mabati. Herini za mfupa. Kamba ya nguo.

"Hebu rudisha hapo," akasema mama wa Gatwekera. "Hiyo si leso yangu?"

Ilikuwa yake, na pembeni beseni lake pia. Mama akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema kumbe ukuta unahitaji kupigwa rangi. Kisha akaomba, na mimi nasema ilikuwa haki yake, awapige na wao. Akawasimamisha kwenye jua kali, twiga nyuma yao, akawaambia wasogee, wasogee tena, wasicheke. Sisi tukasimama pembeni tukiwatazama kwa heshima. Mwenyekiti akamnong'oneza kijana awaulize wanaishi vipi huko kwao. Wakasema chumba chao cha kukodi mjini ni ghali mno na mwenye nyumba huongeza kila mwaka. Tukatikisa vichwa kwa huzuni.

Chakula kililiwa ng'ambo, ufukweni, saa ya watu kunywa chai ya jioni. Makorongo wenye upara, wale wale tuliokuwa tukiwaona juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo, walikuwa wamejipanga hapo wakitungojea kwa subira ya wakusanya ushuru wa soko. Nani aliacha sufuria wazi ni suala lililopelekwa kwenye kamati ndogo, na kamati haijakutana. Ninachoweza kusema ni kwamba paja la kuku lilipaa, na kwamba mweka hazina alilikimbiza hadi maji yakamfika magotini ndipo nahodha alipomkumbusha habari ya viboko.

Kurudi, desturi ya safari ni kuhesabu watu. Kijana akahesabu. Akahesabu tena. Akamwita Mwalimu, naye akahesabu kwa kidole. Tulikwenda 33, tukiondoa dere na konda. Sasa tulikuwa 34. Mtu akipungua kuna utaratibu: unapiga simu, unarudi, unagombana. Mtu akizidi, hakuna utaratibu wowote duniani.

Alikuwa mama wa makamo aliyeketi kwenye ubao wa katikati, ndoo ya samaki miguuni, ametulia kabisa. Alikuwa amepanda Karagita tulipopunguza mwendo kwenye tuta. Alisema ametoka kumwona dada yake anayefanya kazi ya maua, na anarudi kwake Gatina.

"Lakini mama, hili ni gari la kukodi," kijana akasema.

"Limeandikwa 46."

Hapakuwa na jibu. Tukamgeukia konda, ambaye alikuwa ametazama nje kwa makini sana gizani. Alikuwa ameshamtoza nauli, na chenji alikuwa bado hajamrudishia.

Yule mama ndiye aliyekuwa mwongozaji bora wa siku ile. Kuanzia Longonot hadi Rironi alitueleza bei ya sato majini na bei ya sato barabarani, maua yanakatwa saa ngapi, mwaka gani ziwa liliingia nyumba za watu mtaa wa Kihoto na viboko wakaja kuchunga uani. Kijana mwenyewe alimpa maikrofoni. Mwalimu hakumsahihisha hata mara moja, akaandika pembeni ya atlasi.

Katika mkutano uliofuata mweka hazina alisoma hesabu. Kulikuwa na mwavuli mmoja uliorudishwa na boti ya Kawangware ukiwa na mbavu tatu, na kulikuwa na mapato ambayo katibu aliyaingiza kwa maandishi mazuri: nauli ya abiria mmoja, Karagita hadi Kawangware, baada ya konda kuombwa na mwenyekiti, na baadaye na mke wake mwenyewe, aitoe. Mama wa samaki alikuja kuomba kujiunga, akakubaliwa. Basi likajadiliwa, likalaumiwa, likasamehewa.

Kwa hiyo mwakani ni Mombasa, kwa treni ya Madaraka Express kutoka Syokimau. Azimio lilipita bila kupingwa na pande zote mbili, kwa sababu treni hiyo haianzii Kibera wala Kawangware na haimngoji mtu. Anayetaka kiti cha dirishani amlipe mweka hazina mapema, simu yake ikiwa na moto. Shosho ameshaambiwa treni inaondoka saa moja kabla ya wakati wake, na tunawaomba wote mnaomfahamu msimwambie ukweli.